Taa ya Kijani

Siku hizi kusubiri jibu redioni ni marufuku, eti kunaumiza watu roho. Tunu anafanya kazi Mirihi, na sauti yake huchelewa njiani. Basi redio ya mama yake, Bi Zamda, hukisia jibu na kulisema papo hapo kwa sauti ya Tunu. Maneno ya Tunu mwenyewe yakishafika, taa ya kijani huwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, nimeshiba."

Bi Zamda alimenya mihogo, akaiosha, akaibandika, ikaiva. Taa haikuwaka.

"Tunu, u mzima kweli?"

"Mzima kabisa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Bi Zamda akaifunika taa kwa pindo la khanga, akaendelea kuuliza habari za huko.