Kaisari Aliyeomba

"Kile kipande cha kuuawa tumekikata," Ilario alisema, akitegemea kushukuriwa.

Bi Ersilia Proietti, aliyekuwa ndiyo kwanza amekaa kiti cha mbele, alisimama tena.

Ilikuwa tarehe kumi na tano Machi, siku aliyouawa Julio Kaisari. Kama kila mwaka, watu wa Roma walikuwa wamekwenda asubuhi kuweka maua kwenye tuta la udongo pale maiti yake ilipochomwa, na mchana chama cha sinema cha mtaa wa Garbatella kilikuwa kinaonyesha filamu ile ile ya zamani, iliyotoka Amerika. Sura ya Kaisari ilikuwa ya Mmarekani. Lakini sauti iliyomtoka kinywani, kwa Kitaliano, ilikuwa ya Nazzareno Proietti, mume wa Bi Ersilia, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni, na aliyefariki miaka tisa nyuma. Enzi za uhai wake, hata muuza nyama alimwita Kaisari.

"Nimefikiria uchungu wako, mama," Ilario aliendelea. Alikuwa mwenyekiti wa chama, mtu mzima mwenye huruma za haraka. "Kila mwaka nakuona unavyolia wakimchoma visu. Leo tutaishia pale anaporudi na ushindi, yuko juu ya gari la farasi, mji mzima unamshangilia. Uondoke na picha hiyo."

"Kirudishe."

"Mama..."

"Nimesema kirudishe."

Fernanda, jirani yake wa jengo moja, alikuwa akigawa maandazi ya krimu. Aliweka mfuko chini. "Shoga, tulia. Mwenzio amekuonea huruma. Mimi wangu alikoroma miaka arobaini, na hata huko kukoroma kumenitoka akilini! Wewe ulilala na Kaisari anakunong'oneza sikioni. Ungetukopesha hata usiku mmoja!"

Watu walicheka. Bi Ersilia hakucheka.

Wao waliisikia sauti ile mara moja kwa mwaka. Yeye alikuwa nayo nyumbani. Tangu mazishi ilikuwa ikimwita kutoka chumbani, "Ersilia!", mara moja tu, kama ilivyokuwa desturi yake, naye huitika "Naja!" kabla hajakumbuka kwamba kitanda kile ni kitupu. Mashati ya marehemu bado aliyapiga pasi, kola kwanza. Bado alivua viatu mlangoni na kunyata asije akamwamsha. Fernanda aliyaona hayo na kuyasimulia mtaani, kwamba mapenzi ya namna ile hayazaliwi tena.

Kila mwaka, baada ya filamu, sauti ile ya chumbani ilikuwa ikinyamaza. Ilinyamaza hadi majani yalipoanza kupukutika, na mwaka mwingine hadi Krismasi. Lakini mwaka mmoja, ukumbi ulipofungwa ili paa litengenezwe, haikunyamaza hata siku moja, na Bi Ersilia alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni.

"Filamu za Kaisari ziko tele, mama," Ilario alisema kwa upole. "Nitakutafutia nyingine."

"Nimeziangalia zote. Humo anajifunika vazi usoni, anakufa kimya."

"Ndivyo inavyosimuliwa. Hii yetu ndiyo iliyokosea. Wasomi waliicheka sana ilipotoka. Kaisari gani huyo anaomba?"

"Nataka hiyo hiyo iliyokosea." Alimshika mkono. "Ilario mwanangu, miaka yote hii sijakuomba kitu. Leo nakuomba."

Ilario alimtazama, kisha akapanda juu kwenye chumba cha mashine. Ilipita robo saa. Watu walinung'unika, maandazi yakaisha, taa zikazimwa.

Filamu ilikwenda mwendo wake. Kaisari alimbembeleza malkia wake kwa sauti laini kama asali, na wanawake wa safu ya nyuma wakashusha pumzi. Alihutubia askari, viti vikatetemeka. Bi Ersilia hakuinua macho. Alitazama mapajani, mkono wa kulia umekishika kifundo cha mkono wa kushoto, kile kilichovunjika zamani na kuunga upande.

Maseneta walipomzunguka Kaisari, ndipo alipoinua kichwa.

Kisu cha kwanza. Cha pili. Midomo ya Bi Ersilia ilicheza polepole, kama mtu anayesali rozari. Kwenye kisu cha saba ile sauti kubwa ilipasuka. Haikuwa ya mtawala tena.

"Basi! Basi, nawasihi! Inatosha!"

Visu viliendelea. Mtu mmoja nyuma aliguna. Bi Ersilia aliusogeza mwili mbele, machozi yakimtiririka hadi shingoni, asiyafute, mpaka Kaisari alipoanguka na kutulia kabisa.

Taa zilipowaka, Ilario alikuja akachuchumaa mbele yake. Naye macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, mama. Ila bado sielewi unavyoweza kustahimili. Mtu uliyeishi naye miaka thelathini na minne, unamsikia akilia vile! Mimi nilitaka umkumbuke alivyokuwa."

"Alivyokuwa nakumbuka," Bi Ersilia alisema. Pumzi zake zilikuwa zimetulia. Alimshika Ilario begani akainuka, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kwa mkono mmoja. "Nyumbani kwetu, mwanangu, aliyekuwa akilia 'basi, inatosha' ni mimi."