Kinyonga wa Mama Mkwe

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Ma Kagemulo, msimu uliopita wa senene, wale panzi wa kuliwa, tukiwa tumekaa tunawanyonyoa mabawa.

Asimwe, bi harusi wa juzi tu, aliachiwa nyumba na mama mkwe wake aliyekwenda kumuuguza dada yake. Pamoja na nyumba aliachiwa kinyonga, anayekaa kwenye pazia la sebuleni. Asimwe anawaogopa vinyonga tangu utotoni. Mama mkwe anarudi kesho, na kinyonga wake mpenzi amegoma kula.

"Atasema nimemuua kwa kumchukia," alimwambia mumewe, Byabato.

"Kwani unampa nini?"

Asimwe akamwonyesha kisahani. Senene wamepangwa vizuri, wamenyonyolewa mabawa na miguu, kama wanavyoandaliwa wakwe.

Byabato akacheka mpaka akashika ukuta. "Mke wangu, huyu si shemeji yako. Kinyonga hali kitu kisichojitikisa. Mshikie aliye hai."

"Mshikie wewe."

"Mimi namwogopa kukuzidi," alisema, akaenda kujilaza.

Asimwe akakamata senene dirishani, akamshika bawa, akasogeza mkono kwenye pazia. Macho ya kinyonga yakageuka, moja kwanza, halafu la pili. Ulimi ukatoka na kurudi, vidole vya Asimwe vikabaki vitupu.

Akaketi kitini chini ya pazia, akimsikiliza anavyotafuna. Chumbani mumewe alikuwa anakoroma. Asimwe naye akasinzia palepale, mchana mweupe, na kinyonga akaanza kushuka polepole kuelekea begani kwake.