Kadi za Arobaini

Mwanasiti alizipekua kadi za hitima ya arobaini ya kaka yake. Zote mia mbili ziliandikwa, “Tunamkumbuka mpendwa wetu,” kisha pengo jeupe.

“Jina liko wapi, Shekue?”

Mchapaji alikuna kichwa. “Dada, programu niliyoiandika huchukua jina kwenye faili. Faili halikuonekana, ikaacha nafasi tupu, ikaendelea. Mwisho ikasema imekamilika.”

“Na wewe ukaiamini?”

“Haikulalamika.”

“Nalalamika mimi! Wageni wanaketi sasa hivi, na ndugu yangu umemfuta mara mia mbili!”

Alimpokonya kalamu ya mfukoni, akaandika jina “Mbwana” penye pengo la kadi ya kwanza, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Shekue alipotafuta kalamu nyingine amsaidie, Mwanasiti alizizungushia kadi mkono wake, akavuta ya pili.