Hotuba ya Kufukuzwa Kazi

Mke wa Balozi alianza kufunga masanduku kabla mumewe hajafukuzwa kazi.

"Weka na blanketi," Balozi alisema, akihangaika na tai mbele ya kioo. "Sijui watatulaza wapi."

"Baba watoto, fikiri tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na nyumba ya mama ikivunjwa, itazoleka?"

Mkewe akaongeza blanketi la pili.

Katika kabila lake dogo, hakuna mwingine aliyewahi kuwa balozi. Miaka nenda miaka rudi wakubwa wa serikali walimtembeza ukumbi hadi ukumbi kama bibi harusi mpya. Mtu akiuliza mbona watu wa kabila lile wanafukuzwa kwenye ardhi yao, jibu lilikuwa lilelile: si huyu hapa, amevaa suti? Naye alikuwa akitabasamu. Aibu ya tabasamu lile ilimbana kuliko tai.

Sasa matingatinga yalikuwa yameegeshwa nje ya kijiji chao. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, amegoma kuondoka. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mdomo," alimwambia kwa simu alfajiri ile. "Sisi wengine tuna miguu tu ya kukimbilia, na yangu imechoka."

Asubuhi hiyo baraza la mataifa lilikuwa lipige kura: wachunguzi watumwe, au wasitumwe. Wakitumwa, matingatinga yangezimwa. Balozi hakuwa na tumaini jingine duniani.

Mlangoni mwa ukumbi akakutana na Waziri wake. Akaificha hotuba nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyefumaniwa. Waziri akacheka.

"Sina haja ya kuisoma, ndugu yangu. Leo sema lolote lililo moyoni mwako." Akamnyooshea hata tai.

Maskini, hajui kinachomjia, Balozi aliwaza, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma kidogo.

Akapanda jukwaani. Akasema yote: nyumba zilizochomwa, visima vilivyofukiwa, wazee waliolala porini na mvua inanyesha. "Serikali inayonilipa mshahara ndiyo inayokwenda kuivunja nyumba ya mama yangu," alisema. "Nawasihi, watumeni wachunguzi leo. Kesho watakuta vumbi." Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

Balozi akakunja karatasi zake, akasubiri walinzi waje kumshika.

Makofi ya kwanza yalitoka kwa Waziri. Akapanda jukwaani, akamkumbatia Balozi kwa nguvu, kisha akaivuta maikrofoni upande wake.

"Waheshimiwa, mmejionea wenyewe. Tungekuwa tunawaonea watu hawa, huyu angethubutu kusema haya mbele yangu? Na kazi yake anaendelea nayo, kuanzia sasa hivi!"

Wajumbe wakainuka wote kushangilia uhuru mkubwa namna ile, na hoja ya wachunguzi ikaondolewa bila hata kupigiwa kura. Mfukoni mwa Balozi simu kutoka kwa mama yake ikatetemeka, ikatetemeka, ikanyamaza.