Kitanda cha Mninga

Heriel alivua viatu, akapanda ngazi ya kitanda na kulala chali kule juu, tumbo likiitazama feni ya dukani. Kisha akaanza kujirusha.

"Mangi!" Suud, mwenye duka, akapiga kelele bila kuinuka kwenye kiti chake. "Hicho cha watoto!"

"Ndiyo maana naruka. Kwani watoto hawaruki?"

Wapita njia wakajaa mlangoni. Kariakoo watu wana haraka, lakini si haraka ya kumkosa mtu wa kilo mia na ushee akiruka juu ya kitanda cha deka. Kitanda hakikulia hata kidogo.

Chini, mkewe Winifrida alipiga magoti akizigonga chaga moja moja kwa kidole, kama anayechagua tikiti maji. Pembeni yake alisimama binti yao, Brightness, wa darasa la pili, mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta.

"Huyu kafanya nini?" Suud aliuliza.

"Kaanguka. Kalala zake juu, usingizini, tukasikia puu!"

"Hakukuwa na kingo?"

"Kingo itoke wapi?"

Suud akasikitika. "Mama, mtoto halazwi juu bila kingo. Hata trei ya mayai ina kingo."

"Ndiyo tumekuja, Sheikh," alisema Heriel, akishuka kinyumenyume. "Hakuna mtoto wangu atakayeanguka tena kitandani. Nimeapa."

Na kweli alikagua kama mtu aliyeapa. Alipima kingo kwa shibiri, akasema ni fupi. Ukiweka godoro nene, mtoto anabiringika na kwenda zake. Alipapasa kona zote kwa shavu, akitafuta ncha ya msumari. Akamwita Brightness.

"Njoo, leta kichwa."

Akajaribu kukipitisha kati ya fito mbili za kingo. Hakikupita.

"Safi. Hapa hanasi mtu."

Suud alimwita fundi wake kutoka uani, akamwamuru aongeze ubao mmoja kwenye kingo palepale, bure, kwa ajili ya mkono wa mtoto. Wakati fundi anapiga randa, Heriel aliendelea.

"Mbao hii ikipigwa na baridi haipindi?"

"Baridi?" Suud alicheka, jasho likimtiririka. "Baridi ya wapi, Mangi? Umefunga AC?"

"Wewe jibu swali."

"Mninga huu. Hata ukiuweka kwenye friji."

"Na kinafunguka chote?"

"Chote. Nati na bolti. Najua ngazi za nyumba zenu huko Mtaa wa Aggrey, hata jeneza linapita limesimama."

Winifrida alikuwa akijitazama kwenye vanishi. "Itang'aa hivi mpaka Desemba?"

"Mpaka huyu binti aolewe."

"Maana shemeji yangu Melkiori alipeleka cha chuma," alisema Winifrida, akimgeukia mumewe. "Mtoto akijigeuza, kinalia nyumba nzima. Watu walicheka mpaka kanisani."

"Cha kwetu hakilii," alisema Heriel.

Brightness alikuwa ameshapanda. Alitumia mkono mmoja, akajilaza kwenye godoro la maonyesho, akavuta harufu ya mbao mpya. Alijigeuza upande wa kulia, akagusa kingo. Akajigeuza upande wa kushoto, akagusa ukuta. Akafumba macho.

"Baba, mimi ndiyo huku juu?"

"Wewe juu, mdogo wako Allan chini."

"Leo?"

"Shuka, usichafue godoro. Watu wazima wanaongea."

Walipatana bei baada ya kutukanana kidogo kwa heshima. Suud akaongeza mito miwili, akampa Brightness juisi ya boksi, akamwambia Heriel mbele ya watu wote, "Nimeuza vitanda tangu sina ndevu. Wababa wanauliza bei tu. Wewe, Mangi, ni baba."

Heriel akakohoa, macho yamelowa. Winifrida naye akatoa kitambaa.

Fundi alifungua kitanda kipande kwa kipande, akavifunga kwa makaratasi magumu, kona zote, kama vyombo vya harusi. Mkokoteni ukapakiwa.

"Peleka Aggrey," Suud akamwambia mwenye mkokoteni. "Ghorofani kwa Mangi, yule wa mablanketi ya jumla. Taratibu, cha watoto hicho."

"Aggrey tena?" Heriel alishtuka. "Nikiweke wapi, juu ya kichwa changu? Peleka kwenye lori la Rombo, linapakia pale kona. Na turubai juu, mvua ya mlimani isikiguse." Akamgeukia Suud, sauti imelainika. "Nimejenga nyumbani, Sheikh. Vyumba sita, vigae mpaka jikoni. Kilibaki chumba cha watoto tu. Krismasi tukipanda, tukakaa wiki ile yetu, Melkiori aje aone watoto wangu wanavyolala."

Suud akautazama mkono wa Brightness, kisha akamwashiria mwenye mkokoteni aelekee kona.

Jioni Heriel na mkewe walifunga duka lao la mablanketi. Kule juu ghorofani Aggrey, katika chumba kimoja chenye stoo ndani yake, Winifrida alitandika mkeka wa watu wazima mlangoni, akazima jiko, akapiga makofi. "Haya, watoto, kila mtu kwake."

Brightness akashika kamba kwa mkono ule mzima, akakanyaga robota la kwanza la mablanketi, akakanyaga la pili, akapanda mpaka karibu na dari, akajilaza palepale alipokuwa amelala siku alipoanguka.