Mishono Nje

"Leo tumeletewa mfano hai," mhadhiri wa mantiki alisema, akiielekezea chaki blauzi ya binti wa mstari wa mbele. Ilikuwa imegeuzwa, mishono yote nje, nyuzi zikining'inia begani. "Ishara haidanganyi. Hii inatuambia nini?"

"Kavaa gizani!" mmoja akapaza sauti.

"Kwa nini gizani?"

"Asimwamshe mwenye chumba!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri, aliyependa kipindi kichangamke, akacheka nao huku akiandika ubaoni: Blauzi imegeuzwa. Anayegeuza blauzi kavaa gizani. Kwa hiyo...

"Haya, binti, tumalizie mwenyewe."

Binti hakuinua uso. Alishika ukosi kwa vidole viwili, akauvuta kidogo tu. Ngozi ya bega ilikuwa imebambuka, nyama mbichi ikimetameta kwa dawa.

"Jiko la gesi lilinilipukia, mwalimu. Mishono ikiwa ndani inanitonesha. Sikutaka kukosa kipindi chako."

Kicheko kikakatika.

Mhadhiri alitafuta dasta, hakuiona, na hakuthubutu kumuuliza mtu. Akaanza kufuta ubao kwa kiganja, akianzia na Kwa hiyo.