Moyo Wangu na Albamu Mpya ya Radi Kavu

Siku hizi shabiki haulizwi maoni. Nyumba humpima mapigo ya moyo anaposikiliza albamu mara ya kwanza, na jibu halifutiki.

Radi Kavu ni bendi ya roki niliyoipenda tangu usichana. Walipotoa albamu mpya, nililia kwa kwikwi: sauti ya mwimbaji wao ilikuwa imekwisha kabisa. Nyumba ikasema nimeipenda mno. Tangu hapo inaipiga kutwa, sebuleni, jikoni, hadi chooni.

“Mama Sekela, zima basi,” mume wangu alinisihi.

“Haizimiki, Baba Sekela!” nikafoka, moyo ukienda mbio.

Nyumba ikaongeza sauti.

Akanishika mkono kunituliza. Nikauchomoa upesi, moyo usije ukadunda tena.